Mkate wa Kikuyu Uliotikisa Uingereza

Tulipomzika babu hapa Kabati, Susu alibaki ameketi. Misa ilifika Komunyo, watu wakapanga laini, na yeye, mjane mwenyewe, akabaki kwenye benchi ameshika leso yake. Babu alikuwa Mkatoliki, Susu ni wa AIC. Wamekula muthokoi kwa sufuria moja miaka hamsini na kitu, lakini siku hiyo kulikuwa na chakula kimoja ambacho hakula. Nisiwadanganye, nilikasirika. Niliona ni ubaguzi tu umevalishwa kanzu.

Nikaanza kusoma. Kumbe ugomvi huu ulishawahi kuwaka hapa hapa Kenya.

Juni 1913, wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, kwenye misheni ya Kanisa la Scotland. Walikuwepo Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti na Africa Inland Mission, wale waliofika Nzaui kule Makueni mwaka 1895 na ambao kazi yao ndiyo ilizaa AIC ya Susu. Walitaka kushirikiana badala ya kila mmoja kuvuta waumini upande wake. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa akaongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakapokea pia.

Habari zikafika Zanzibar. Askofu wa huko, Frank Weston, naye Mwanglikana, akawaka. Akamwandikia Randall Davidson, Askofu Mkuu wa Canterbury, akimshtaki Peel pamoja na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi. Huko Uingereza kila mtu wa kanisa akawa anabishana kuhusu "Kikuyu", na sidhani wengi wangeweza kuionyesha kwenye ramani. Jibu la Davidson lilikuja 1915, la kukaa katikati: Wakristo wengine wanaweza kukaribishwa mezani kama wageni, lakini ibada kama ile isirudiwe. Watu wakatania kwamba ibada ilimpendeza Mungu sana, na kamwe isifanyike tena!

Ni rahisi kumchukia Weston. Mimi nilimchukia kama siku mbili. Shida ni kwamba huyo huyo, 1920, aliandika kijitabu kikali dhidi ya serikali ya Waingereza kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Na 1923, jijini London, aliwaambia wenzake wapenda uvumba kwamba hawawezi kumwabudu Yesu altareni halafu wampite kwenye mitaa ya maskini. Kwake hayo yalikuwa jambo moja. Kama mkate ule ni Kristo kweli, basi huwezi kuugawa kama chai ya kufunga mkutano, na pia huwezi kumtazama mtu anaswagwa kazini ukanyamaza.

Sasa fungua Yohana 6. Yesu anawaambia watu wale mwili wake na wanywe damu yake. Wafuasi wengi wanasema hayo ni magumu, wanaenda zao. Kinachonishika ni kwamba hawakimbilii kuwaeleza kuwa ulikuwa mfano tu. Anawageukia wale 12 na kuwauliza kama nao wanataka kwenda. Wakatoliki wanasoma hapo mwili halisi. Wa AIC wanasoma sura hiyo hiyo na kusema kula ni kuamini. Na Petro, ukimsoma vizuri, hasemi popote kwamba ameelewa. Anachosema ni kwamba hana kwingine pa kwenda.

Bado nafikiri Weston alikosea kuhusu Kikuyu. Watu wale waliendelea kushirikiana, na ndiyo maana 1926 kukawa na Alliance High School hapo hapo.

Juzi nikamuuliza Susu kama aliumia siku ile. Alikuwa anachagua mahindi, hakuinua kichwa. "Niliumia kwa ajili ya babu yako," akasema. "Lakini pale padri anasema 'Mwili wa Kristo' na wewe unajibu 'Amina'. Mimi siamini hivyo wanavyoamini. Ningedanganya mbele ya jeneza lake?"

Halafu akanituma maji.