Kabla ya Kuandika, Futa

Wengi wetu katika chama hiki tunatoka Ibra, Sur na Nizwa, na baadhi yetu tunasomea elektroniki. Muhula huu tulikuwa tukijifunza kuandika data kwenye chipu ya kumbukumbu iliyo juu ya bodi ya majaribio. Tuliandika herufi A, kisha mahali palepale tukaandika B. Tulipoisoma chipu, haikutupa A wala B, bali alama ya @. Tukadhani imeharibika. Kumbe kosa ni letu, na asili yake imo katika historia.

Zamani chipu za kumbukumbu ya kudumu ziliandikwa kiwandani, au mara moja tu kwa kuunguza nyuzi ndogo zilizomo ndani. Ukikosea, unaitupa. Mwaka 1971 Dov Frohman wa kampuni ya Intel alitangaza EPROM. Humo, chaji ya umeme hufungiwa ndani ya silikoni iliyozungukwa na kizio pande zote, hivyo maandishi hayapotei umeme ukikatika. Ili kuifuta, chipu iliwekwa chini ya miale ya urujuanimno, iliyopenya kwenye kidirisha chake. Baadaye Frohman alikwenda kufundisha uhandisi Kumasi, Ghana.

Ikafuata EEPROM, iliyofutwa kwa umeme, baiti moja moja. Lakini ilikula nafasi kubwa na bei yake ilikuwa juu. Fujio Masuoka wa Toshiba akaona njia nyingine: biti nyingi zifutwe kwa pamoja, ili kila moja ichukue nafasi ndogo. Aliitangaza kazi yake mwaka 1984. Mwenzake, Shoji Ariizumi, ndiye aliyependekeza jina la flashi, kwa kuwa ufutaji ule ulimkumbusha mmweko wa kamera.

Unafuu huo una gharama yake. Chipu ikifutwa, biti zote huwa 1. Kuandika ni kugeuza 1 kuwa 0 tu. A ni 01000001, B ni 01000010. Ukiandika moja juu ya nyingine bila kufuta, 1 hubaki pale tu ambapo zote mbili zina 1: 01000000, ambayo ndiyo @. Na chipu yetu haifuti chini ya baiti 4,096 kwa mara moja. Kwa hiyo kwanza unanakili yaliyomo, ndipo unafuta, kisha unaandika upya.

Mmoja wetu alimweleza haya bibi yake wa Ibra, aliyezaliwa Unguja na kuja Oman miaka ya 1970. Bibi akacheka: "Huo si ubao wa chuoni, mjukuu wangu?" Utotoni aliandika aya ubaoni kwa wino wa masizi, na ubao haukuoshwa mpaka amezihifadhi na kumsomea mwalimu.

Chipu nayo haidumu milele. Chaji huvuja polepole, na baada ya miaka mingi maandishi hufifia yasipoandikwa upya. Nyumbani kwetu, waliozaliwa Unguja wanazeeka. Wanatusemesha Kiswahili, nasi wengi tunawajibu kwa Kiarabu. Ubao wao utaoshwa siku moja, tutake tusitake. Tunawaomba wanachama, likizo hii, kila mmoja akae na mzee wake, asikilize, aandike, kisha amsomee mwenyewe alichoandika.