Mji Uliohama na Bustani Iliyobaki

Mtu asafiriye kutoka Rongo, akashuka kupitia Rodi Kopany mpaka Homa Bay, huona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Kule juu, katika kaunti ya Migori, mvua ni nyingi na mashamba ya miwa yameenea pande zote. Kule chini, karibu na ziwa Victoria, udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi, na mvua ni za kubahatisha. Lakini kiko kitu kimoja akionacho njia nzima. Karibu na majiko ya watu pana vipande vidogo vya ardhi ambamo mnavu, mgagani, kunde, mlenda na maboga vimeota pamoja. Waluo hukiita kipande hicho "orundu". Mgeni huenda akakidharau, akidhani kwamba ni magugu yaliyosahauliwa. Kumbe kipande hicho kina historia ndefu, na historia hiyo yatuhusu sisi tunaoishi leo.

Katika hesabu ya wazee, mwaka ulikuwa na misimu mitatu. "Oro" ni kiangazi, tangu Desemba mpaka Februari, wakati wa kufyeka na kutifua ardhi. "Chwiri" ni mvua kubwa zianzazo Machi. Baada ya mavuno ya katikati ya mwaka huja "opon", mvua ndogo, ambazo si za kutegemewa sana. Mama wa nyumba alipanda kwa kuifuata hesabu hiyo. Mtama na wimbi vilitangulia na chwiri. Katika Aprili na Mei ghala ilikuwa karibu tupu, na nafaka mpya ilikuwa bado changa. Hiyo ndiyo iliyokuwa miezi ya njaa, na hapo ndipo mboga za majani zilipookoa watu, kwa maana mgagani huchumwa majuma machache tu baada ya kuota. Opon ilipofika, zilipandwa kunde na viazi vitamu. Majani ya kunde yalianikwa juani, yakawekwa akiba ya kiangazi. Mbegu njema zilichaguliwa wakati wa mavuno, zikachanganywa na majivu au kutungikwa juu ya meko, ili moshi uwafukuze wadudu.

Mimea hiyo haikutengwa kila mmoja mahali pake. Mtama ulisimama juu, kunde zikatambaa chini, na mboga zilizojiotea zenyewe ziliachwa wakati wa kupalia. Haukuwa uvivu huo. Kunde zilifunika ardhi, jua lisiikaushe wala mvua isiichukue. Tena, vijidudu vikaavyo katika mizizi ya kunde huvuta naitrojeni ya hewani na kuitia katika udongo. Wazee hawakulijua jina la naitrojeni, lakini walijua ni wapi mtama hustawi. Na mvua zikikatika kabla ya wakati, si mimea yote iliyokufa pamoja.

Hata hivyo, siri kubwa ya rutuba ilikuwa katika mji wenyewe. Neno mji hapa lina maana ya boma la mtu, wake zake na watoto wake, lililozungukwa na ua wa mnyaa. Katikati ya mji palikuwa na zizi la ng'ombe, na kwa miaka mingi samadi, majivu na takataka za jikoni viliingia ardhini. Wana walipokua walitoka, kila mmoja akajenga mji wake, na mwishowe mji wa baba ulibaki mahame. Mahame hayo Waluo huyaita "gunda". Watu hawakuyaacha yawe pori la bure. Waliyarudia kwa jembe, kwa sababu hapakuwa na ardhi yenye rutuba kuliko hiyo. Hivyo watu walihama, lakini mbolea yao ilibaki nyuma yao, ikawalisha wajukuu.

Atakaye ushahidi wa maisha hayo ya kuhama na kurudi, na aende Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori. Huko kuna maboma ya mawe yaliyojengwa bila udongo wala saruji, ambayo hudhaniwa kuwa yalianza kujengwa katika karne ya 16. Kuta zake ziliwalinda watu pamoja na mifugo yao. Watu wa makabila mbalimbali walikaa humo kwa zamu, wakatoka, na wengine wakaingia wakazitengeneza kuta zilizobomoka. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliyaandika maboma hayo katika orodha ya urithi wa dunia. Wengi huenda kutazama mawe. Ni vema pia kuutazama udongo uliomo ndani ya kuta, na kufikiri jinsi wanyama na watu walivyouneemesha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kiingereza uliingia, na mambo mengi yakageuka. Kodi ilidaiwa kwa fedha. Vijana walikwenda kufanya kazi ya mshahara mbali na kwao, na mzigo wa jembe ukazidi kuwaelemea wanawake. Mahindi meupe yalienea, kwa kuwa yaliuzika upesi na hayakuhitaji kulindwa na ndege kama mtama. Nzige waliposhambulia Nyanza mwaka 1931, nafaka ililiwa mpaka shina, na watu wakaona faida ya mihogo na viazi vilivyojificha ardhini. Mabwana shamba wa serikali walihimiza kupanda kwa mistari, zao moja moja, na baadaye wakashurutisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Tuwatendee haki: juu ya mmomonyoko hawakukosea. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba mkulima hana elimu yoyote, na kwamba shamba lenye mchanganyiko ni shamba la ovyo.

Badiliko lililokuwa kubwa kuliko yote lilihusu ardhi yenyewe. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusudia kila mkulima awe na shamba moja lenye mipaka na hati. Baada ya Uhuru kazi hiyo iliendelea chini ya sheria ya mwaka 1968, na Nyanza ya Kusini ikapimwa. Hati ilileta usalama kwa aliyeipata, lakini ilimfunga mahali pamoja. Baba aliligawa shamba kwa wanawe, nao wakaligawa kwa wana wao, mpaka hapakuwa tena na nafasi ya kuhamisha mji wala ya kuipumzisha ardhi. Wakati huohuo mbegu ya kwanza ya mahindi chotara ya Kenya ilitolewa mwaka 1964, tumbaku ikaenea Migori katika miaka ya 1970, na kiwanda cha sukari cha Awendo kikaanza kusaga miwa mwaka 1979. Mazao hayo yalilipa karo za watoto wengi, nasi hatuwezi kuyabeza. Lakini miwa hukaa shambani zaidi ya mwaka mmoja, na tumbaku hukaushwa kwa kuni nyingi. Penye shamba dogo, kila hatua ya miwa au tumbaku ni hatua iliyotolewa katika chakula.

Ardhi iliyochoka ilipata adui mpya mwenye nguvu. Waluo humwita "kayongo". Waswahili wengine humwita kiduha. Ni gugu lenye maua mazuri ya zambarau, lakini mizizi yake hushika mizizi ya mahindi na mtama na kuinyonya. Mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, nazo huweza kulala ardhini miaka mingi zikingoja. Mahali penye rutuba kayongo hudhoofika. Mahali pa ufukara hutawala.

Dawa mojawapo ilipatikana huko huko Homa Bay. Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyekuwa bingwa wa elimu ya wadudu, alianzisha taasisi ya ICIPE mwaka 1970, nayo ikajenga kituo Mbita, ukingoni mwa ziwa. Katika miaka ya 1990 Zeyaur Khan na wenzake wa kituo hicho, wakishirikiana na wataalamu wa Rothamsted wa Uingereza, walitafuta njia ya kuwashinda funza watoboao mabua ya mahindi. Walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia kando ya shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo, na nepia huwavuta nje. Kisha wakaona jambo kubwa zaidi: penye desmodiamu kayongo ilipungua sana, kwa kuwa mizizi yake huziamsha mbegu za gugu hilo na kuzizuia zisishike mahindi. Tena mmea huo hufunika ardhi, huitia naitrojeni, na hulisha ng'ombe. Njia hiyo huitwa Vuta Sukuma. Je, si kweli kwamba sayansi hapo ilirudi, kwa mlango wake yenyewe, katika mchanganyiko ule uliodharauliwa?

Wala si Nyanza peke yake iliyogeuza macho. Mwaka 1978 Bill Mollison na David Holmgren wa Australia walichapisha kitabu juu ya kilimo cha kudumu, ambamo mimea, wanyama na nyumba ya mkulima husaidiana. Mwaka 2021 UNESCO iliisifu kazi ya Kenya ya kufufua vyakula vya asili, na mboga kama mnavu na mgagani, zilizoitwa chakula cha maskini, sasa huuzwa katika masoko ya mijini.

Lakini tusijidanganye kwamba twaweza kuyarudia maisha ya zamani kama yalivyokuwa. Gunda ilihitaji nchi pana na ng'ombe wengi, na leo nchi si pana tena. Zamani mji ulihama, rutuba ikabaki. Sasa mji umekaa mahali pamoja; kwa hiyo hapana budi rutuba iletwe kwa mkono: samadi ibebwe kutoka zizini, mabaki ya jikoni yaozeshwe, kunde zifuate mahindi, na ardhi isiachwe uchi kati ya chwiri na opon. Hiyo ni kazi ya kila siku, wala haina sherehe.

Ewe mwanafunzi, utakaporudi nyumbani likizo ya Aprili, mwezi ule wa njaa wa zamani, ingia katika orundu pamoja na bibi yako. Muulize jina la kila jani, na wakati wa kulipanda, na mahali alipopata mbegu. Kisha andika. Maboma ya Thimlich yamesimama bila kuandikwa, kwa sababu ni mawe. Lakini mbegu isiyopandwa kwa miaka michache hufa, na elimu yake hufa pamoja nayo.