Vidoti Vitano vya Maji Maji

Mwaka jana msimamizi wangu alinirudishia sura ya pili ya tasnifu yangu ya uzamili ikiwa na alama moja tu ya kalamu nyekundu. Sura ilikuwa na kurasa 31, nami nilikuwa nimeshazoea karatasi zangu zirudi zimechorwachorwa kama daftari la deni la duka la mtaani. Safari hii kurasa zote zilikuwa safi isipokuwa ukurasa wa 7. Hapo alikuwa amezungushia duara vidoti vitano vyeusi vilivyopangwa wima kama vifungo vya shati, na pembeni ameandika neno moja: "Nani?"

Vidoti vyenyewe ni hivi:

• Kodi ya nyumba
• Kilimo cha lazima cha pamba
• Kazi za kulazimishwa
• Ukatili wa maakida na askari
• Imani katika maji ya Kinjikitile

Aliyesoma historia sekondari Tanzania hahitaji kuambiwa kwamba hizo ni sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Tulizimeza. Mwalimu aliziandika ubaoni, sisi tukazinakili, na usiku kabla ya mtihani tulizunguka bweni tukizihesabu kwa vidole. Tuliziita pointi. Pointi moja ilikuwa na alama zake, na aliyekuwa na pointi sita alimshinda aliyekuwa na tano, hata kama huyo wa tano ndiye aliyekuwa ameelewa. Miaka imepita, nimefika shahada ya pili, na bado nilipoulizwa kwa nini watu waliingia vitani, vidole vyangu vilihesabu.

Nilikwenda ofisini kwake. "Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Umeona nilichoandika?"

Nilimwambia nimeona lakini sijaelewa. Akaniomba nimsomee orodha kwa sauti. Nikasoma. Akauliza, "Humo ndani nani amemfanya nani nini?" Nikaangalia tena. Hakukuwa na kitenzi hata kimoja. Hakukuwa na mtu anayetoka nyumbani kwake asubuhi. Kinjikitile alikuwemo, lakini kama mwenye maji tu.

Jambo lililonisumbua njiani kurudi ni kwamba sikukumbuka kuviweka vidoti vile. Nilikumbuka kubonyeza kinyota, kuacha nafasi, kisha kuanza kuandika neno "kodi". Kabla sijamaliza, programu ilikuwa imekigeuza kinyota kuwa kidoti na kuisogeza sentensi ndani kidogo. Nilipobonyeza Enter, kidoti cha pili kilikuwa kimeshafika, kinanisubiri. Na mtu akisubiriwa hivyo, hujaza. Kwa hiyo nikaamua kukiuliza kidoti swali lile lile la Dokta: nani alikuleta?

Mashine ya kuchapa iliyobuniwa na Christopher Sholes wa Marekani ilianza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Kwa muda mrefu, waliochapa orodha kwa mashine za namna hiyo walitumia vitufe walivyokuwa navyo: kistari, kinyota au tarakimu. Kompyuta zilipohitaji kukubaliana lugha moja ya herufi, wahandisi wa Marekani walitoa mwaka 1963 mpangilio unaoitwa ASCII. Ulikuwa na nafasi 128 tu, na nyingine zilitengwa kwa ajili ya amri za mashine. Kinyota kilipata kiti, kistari kikapata kiti, kidoti kikakosa. Ndiyo maana wale wa enzi za barua pepe za mwanzo walipanga orodha zao kwa vinyota. Kinyota kilikuwa kinakaimu.

Mwaka 1984 kompyuta ya Macintosh iliingia sokoni, na kwenye kibodi yake ya Kimarekani kidoti kilipatikana kwa kushika Option na kubonyeza 8, yaani kitufe kile kile chenye kinyota. Mwaka 1991 toleo la kwanza la Unicode, mpangilio uliokusudia kuzipa herufi za dunia nzima namba zake, lilikipa kidoti namba yake rasmi, 2022 kwa hesabu ya kompyuta. Microsoft Word, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1983, ilifika miaka ya 1990 ikiwa imejifunza kukisia: mtu akiandika kinyota na nafasi mwanzoni mwa mstari, bila shaka anataka orodha. Kwa hiyo kinyota changu kilipogeuka, programu ilikuwa ikimkabidhi mwenye kiti kiti chake.

Lakini programu haichori kidoti tu. Jaribu kukichagua kidoti peke yake kwa kipanya kama unavyochagua herufi, utaona kinakataa kuingia pamoja na maneno. Kimo nje ya maandishi, kwa sababu ni sifa ya aya yenyewe, kama upana wa pambizo. Ukiwasha orodha, unaiambia kompyuta kwamba aya hizi ni za aina moja na zimekaa sambamba. Ukiweka namba badala ya vidoti, unasema zina mfuatano. Ukibonyeza Tab, sentensi inaingia ndani, kidoti kinakuwa duara tupu, na sasa umesema jambo hili ni dogo, liko chini ya lile. Ukibonyeza tena kinakuwa kimraba. Word inakuruhusu kushuka hadi ngazi tisa. Mimi niliyachukulia hayo yote kuwa mapambo ya ukurasa, kumbe kila moja ni dai, na ningelidai kwa maneno Dokta angeniomba ushahidi.

Madai ya namna hiyo yamewahi kuwa na uzito mkubwa kuliko tasnifu yangu. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga za juu cha Columbia kilirushwa kutoka Florida. Sekunde 82 hivi baadaye kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi la mafuta na kuligonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi wa Boeing waliwaandalia maofisa wa NASA tathmini ya hatari hiyo, na waliiandaa kwa slaidi za PowerPoint. Slaidi moja imekuwa maarufu. Kichwa chake kilikuwa cha kutuliza moyo. Chini yake kulikuwa na vidoti, ndani ya vidoti vistari, ndani ya vistari vidoti vidogo zaidi. Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa mkiani kabisa, kwa herufi ndogo: kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, ilhali majaribio waliyokuwa wakiyategemea yalitumia vipande vya inchi 3. Kilikuwa kikubwa mara 640. Majaribio yale hayakuweza kuwaambia lolote la uhakika, na habari hiyo ilikuwa imeandikwa, ila ilikuwa imepangwa mahali pa mambo madogo.

Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika juu ya Texas ikirudi duniani, na wanaanga wote saba walikufa. Mtaalamu wa takwimu Edward Tufte aliichambua slaidi hiyo mstari kwa mstari, na ripoti ya bodi ya uchunguzi, iliyotoka Agosti mwaka huo, iliutumia uchambuzi wake na kulaumu tabia ya kuwasilisha masuala ya kihandisi kwa slaidi badala ya taarifa kamili. Hakuna anayesema kidoti ndicho kilichoua watu; bodi ilitaja mengi, kuanzia povu lenyewe hadi utamaduni wa kazi. Lakini niliposoma habari hiyo niliutazama ukurasa wangu wa 7 kwa jicho lingine. Wahandisi wale walikuwa wameficha jambo kubwa chini ya madogo bila kukusudia. Mimi nilikuwa nimelaza mambo matano yasiyolingana kwenye mkeka mmoja.

Nikaamua kuvitoa vidoti na kuviunganisha kwa sentensi. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nilihitaji neno moja tu kati ya kidoti cha kwanza na cha pili: kwa hiyo, lakini, kwa sababu, au ingawa. Neno hilo lilinichukua wiki mbili.

Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898. Mpango wa mashamba ya pamoja ya pamba ulianza mwaka 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, na wanaume walitakiwa kufanya kazi humo siku 28 kwa mwaka. Mimi niliamini tangu sekondari kwamba pamba ililimwa ili watu wapate fedha ya kodi, na neno langu lilikuwa "kwa hiyo". Kumbe mapato yaligawanywa kati ya wafanyakazi, jumbe na waliosimamia mauzo, na fungu la mfanyakazi lilikuwa dogo kiasi kwamba wapo waliokataa kulipokea. Fedha hiyo haikuweza kumtoa mtu kwenye kodi. Na siku alizokuwa kwenye pamba, shamba lake la chakula lilimkosa. Pamba haikuwa dawa ya kodi. Iliuongeza uzito wake. Neno sahihi lilikuwa "tena juu ya hayo", na sikuwa nimelijua kwa sababu kidoti hakikuniuliza.

Cha pili na cha tano vilinitesa zaidi. Mpango wa pamba ulianzia wilaya za pwani. Mwishoni mwa Julai 1905, ni watu wa Nandete, Umatumbini, walioing'oa miche ya pamba na kuanzisha vita. Hapo sababu na tendo vinaonana uso kwa uso. Lakini vita vilifika Mahenge, vikafika Ungoni, mbali na mashamba yale. Wangoni walikuwa na hesabu yao na Wajerumani tangu boma la Songea lilipojengwa mwaka 1897 na watawala wao kupokonywa nguvu. Orodha yangu ilikuwa imempa kila mpiganaji sababu zote tano, kama sare ya shule.

Na Kinjikitile Ngwale je? Alianza kugawa maji yake Ngarambe mwaka 1904, na watu wa makabila mbalimbali walimwendea. Maji hayo hayakumpa mtu kosa la kulalamikia. Malalamiko walikuwa nayo. Yaliwapa sababu ya kuamini kwamba jirani wa bonde la pili naye atasimama, na kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Hiyo si sababu ya tano baada ya nne. Ni kamba iliyozifunga. Tena Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya pamba kung'olewa, na vita vikaendelea hadi 1907. Majeshi ya serikali yalichoma vijiji na vyakula, na makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, huanzia 75,000 hadi kufikia 300,000. Kwa Kiingereza kidoti cha orodha huitwa kwa jina lile lile la risasi. Nilipolitambua hilo sikucheka.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita hivyo au kuvisikia kwa wazazi wao. Walikuwa na umri kama wangu. Nilipoyarudia masimulizi waliyoyakusanya, niligundua kwamba wazee hawakuwapa pointi. Walisimulia nani aliwaita shambani, nani alichapwa, nani alikwenda kuchukua dawa na akarudi na habari gani. Pointi tulizitengeneza baadaye, ili zitoshe ubaoni na zisahihishwe haraka. Siwalaumu walimu wangu. Darasa lilikuwa na watu wengi na muda ulikuwa mfupi.

Wala siichukii orodha. Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia, ukitokea msiba, orodha ya michango inanakiliwa na kurefushwa mstari kwa mstari, jina na kiasi, na hakuna anayehitaji kiunganishi hapo. Majina yanapaswa kulingana, aliyetoa elfu tano na aliyetoa laki. Katika tasnifu nimebakiza orodha moja, ya majalada niliyoyasoma, kwa sababu majalada yale kweli yako sambamba rafuni. Nilichojifunza ni kuuliza kabla ya kubonyeza: je, mambo haya yanalingana, au nimechoka tu kufikiri yanahusianaje?

Sehemu ile sasa inaanzia ukurasa wa 7 hadi wa 12. Dokta aliirudisha baada ya wiki moja, na safari hii kalamu nyekundu ilikuwa imepita kila mahali. Penye "kwa hiyo" aliuliza ushahidi. Penye "ingawa" aliandika kwamba hakubaliani. Kuhusu Ungoni alinipa vitabu viwili vya kusoma na kuniambia nimekwenda haraka mno. Nikakaa kitandani na karatasi zile magotini, nikaelewa kwa nini mwanzo alikuwa ameandika neno moja tu. Vidoti vitano havikuwa vimempa kitu cha kubishana nacho.

Usiku huo nilianza kuandika upya aya ya Ungoni. Kwa mazoea nilibonyeza kinyota, nikaacha nafasi, na kidoti kikatokea. Nikabonyeza Ctrl na Z, kikarudi kuwa kinyota. Nikakifuta hicho nacho, nikaandika: "Chabruma, mmoja wa watawala wa Ungoni, aliposikia habari za maji..."