Aldabra: Kisiwa Kilichookolewa na Kiu

Aldabra ni kisiwa cha matumbawe katika Bahari ya Hindi, kiasi cha kilomita 640 mashariki ya pwani ya Tanzania. Kiutawala ni mali ya Shelisheli, ingawa Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, kiko mbali zaidi: kilomita 1,100 na ushei. Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma, akishafika Dar es Salaam atakuwa bado hajamaliza nusu ya njia ya kwenda Aldabra.

Visiwa vinne vikubwa vimejipanga mfano wa pete, na katikati yake limo ziwa la maji chumvi. Bahari inapokupwa, maji hutoka kwa kasi kupitia milango michache ya miamba, nyuma yakiacha tope na mikoko. Nchi kavu ni jiwe la matumbawe lililoinuka mita chache, likatafunwa na mvua hata likawa na ncha za kukata soli ya kiatu. Mto hakuna. Watu wa Dodoma, wanaokijua kiangazi cha miezi saba, hawahitaji kuelezwa kwa nini wageni wengi walishuka pale, wakachukua walichokitaka na kuondoka.

Walichokitaka hasa kilikuwa nyama. Kobe wa Aldabra si yule wa porini anayekutwa akivuka njia huko bara. Dume lake huweza kufikia kilo 250. Kobe wakubwa wa namna hii hukaa miezi bila kula wala kunywa, kwa hiyo mabaharia wa Ulaya waliwapakia melini wakiwa hai na kuwachinja safarini. Kwa mtindo huo, kobe wa asili wa Mauritius, Réunion na Rodrigues walikwisha kabisa. Mwaka 1874 Charles Darwin na wanasayansi wenzake walimwandikia gavana wa Mauritius wakimsihi awalinde wale wa Aldabra. Hata hivyo kisiwa kiliendelea kukodishwa. Wafanyakazi waliwekwa Picard, kimojawapo cha vile visiwa vinne, kukausha nazi, kukata mikoko na kuvua kasa.

Hatari kubwa zaidi ilikuja Novemba 1965, Uingereza ilipokitenga kisiwa hiki pamoja na visiwa vya Chagos kuwa himaya mpya kwa matumizi ya kijeshi. Aldabra ilikusudiwa kujengwa uwanja wa ndege. Wanasayansi wa Uingereza na Marekani walipinga kwa nguvu, na mwishoni mwa 1967, serikali ya Uingereza ikiwa imebanwa na fedha, mpango ukaachwa. Kobe na ndege walipata watetezi wenye sauti. Watu wa Diego Garcia, huko Chagos, hawakuwapata: kati ya 1968 na 1973 wakazi wa Chagos waliondolewa kwao ili kambi ijengwe. Haifai kusimulia habari njema ya Aldabra bila kuitaja dhuluma hiyo.

Shelisheli ilirudishiwa Aldabra ilipopata uhuru mwaka 1976, na mwaka 1982 UNESCO ikaiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Leo ina kobe wapatao 100,000. Anayezuru huhitaji kibali na hufika kwa meli. Bahari yenyewe haiombi kibali: mwaka 2019 watu wa kujitolea waliokota tani 25 za taka za plastiki, nyingi zikiwa zana za uvuvi, na nyingine nyingi zikabaki.

Kwa Watanzania, njia nyepesi ya kuwaona kobe hawa ni kwenda Changuu, kisiwa cha matumbawe kilicho mkabala na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kobe wanne walipelekwa pale kutoka Shelisheli mwaka 1919 wakiwa zawadi. Walizaana wakakaribia 200, kisha wizi ukawapunguza hadi 7 mwaka 1996, ndipo ulinzi ukakazwa.

Mmoja aliwahi kuja bila kuletwa. Desemba 2004, kobe aliyekonda alitoka majini akitembea na kupanda ufukwe wa Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam. Miguu yake ilikuwa imeota vile viumbe vidogo vyenye gamba vinavyoganda kwenye mbao za majahazi, dalili kwamba alielea baharini kwa wiki kadhaa. Inaaminika alitoka Aldabra. Wataalamu walikuwa wakikisia tangu zamani kwamba kobe wa visiwani walifika huko kwa kuelea, wakitokea Madagaska. Yule wa Kimbiji akaonyesha kwamba safari kama hiyo inawezekana.