Mipaka Kabla ya Zana: Simulizi ya Mbegha na Malezi ya Msanii Chipukizi katika Milima ya Usambara

Mitaala ya Tanzania iliyoboreshwa mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024, imeipa sanaa nafasi iliyokuwa ikidaiwa na walimu kwa miaka mingi. Elimu ya msingi sasa ina somo la Sanaa na Michezo, na sekondari ina mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla. Jambo hili linastahili pongezi. Hata hivyo, katika mazungumzo kuhusu utekelezaji wake imezuka hoja inayorudiwa mno hata imeanza kuchukuliwa kama ukweli usiohitaji ushahidi. Hoja hiyo inasema kwamba kijana wa Mlalo, Mtae au Bumbuli, milimani Usambara, anayetamani kuwa mchoraji, msimulizi au mtunzi wa filamu amekwamishwa na ukosefu wa zana, na kwamba akipewa kishikwambi, programu ya kuchorea na intaneti ya uhakika, ubunifu wake utachipua. Kinyume chake wako wanaolalamika kwamba simu ndiyo inayoua ubunifu wa vijana, na kwamba dawa ni kuwarudisha kwenye udongo, mti na ngano za bibi.

Kambi hizi mbili hugombana kila mara, lakini zimesimama juu ya dhana moja: kwamba zana ndiyo mwamuzi. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Ninadai kwamba ubunifu hukomaa pale mwanafunzi anapofanya kazi ndani ya umbo lenye mipaka inayojulikana, mbele ya watu wanaoijua mipaka hiyo na walio tayari kumkatiza anapoivunja bila sababu. Zana huja baadaye, na manufaa yake hutegemea imemkuta mtumiaji ana nini.

Kwamba ubunifu hufundishika hakuna haja ya kubishana sana. Tangu Teresa Amabile aandike mwaka 1983, wengi wamekubali kwamba ubunifu unadai ujuzi wa fani yenyewe, mazoea ya kufikiri kwa njia mpya, na msukumo wa ndani wa mtu kuipenda kazi yake. Kwa upande wetu, M. M. Mulokozi alikwishaonyesha mwaka 1989, katika uchambuzi wake wa tanzu za fasihi simulizi, kwamba kazi ya sanaa ya mdomo haielezeki bila fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Ninayetofautiana naye ni Walter Ong. Katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu usemi na maandishi, Ong alidai kwamba fikra katika jamii zisizoandika huelemea uhafidhina, kwa kuwa maarifa yasiyorudiwa kwa sauti hupotea, na hivyo nguvu kubwa ya akili huishia katika kuhifadhi. Ni kweli kwamba yeye mwenyewe alikiri kuwa msimulizi huonyesha upya wake katika namna anavyoshughulika na hadhira yake. Lakini kukiri huko kumekaa pembeni mwa hoja yake, ilhali nionavyo mimi ndiko kulikopaswa kuwa kiini. Wanaotaka zana kwanza, hata wale ambao hawajamsoma Ong, wamerithi wazo lake: kwamba asiye na teknolojia ya kuhifadhi hana nafasi ya kubuni.

Ushahidi wangu mkuu ni simulizi ya Mbegha, mwasisi wa ukoo wa Wakilindi uliotawala Usambara. Nguzo zake zinajulikana milimani kote. Mbegha anazaliwa Ngulu akiwa kigego, meno ya juu yakitangulia kuota, jambo lililohesabiwa kuwa mkosi. Ndugu zake wanamnyima haki yake. Anakuwa mwindaji hodari wa nguruwe mwitu, akiandamana na mbwa wake. Anafika Kilindi, anapendwa, kisha mtoto wa mtawala anafia mawindoni na Mbegha hana budi kukimbia. Anapanda milima. Washambaa wanamkuta ana nyama nyingi na hana chakula cha shamba. Wao wana chakula cha shamba na wanateswa na nguruwe wanaoharibu mazao. Wanabadilishana. Sifa zake zinaenea, anaitwa kutoka kijiji hadi kijiji, usiku mmoja anaua simba aliyevamia mifugo, na hatimaye anawekwa kuwa mtawala Vugha, mahali palipokuja kuwa makao makuu ya ufalme.

Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi haya Usambara katika miaka ya 1960 na kuyachambua katika kitabu chake cha 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa, aliona kwamba yamejengwa juu ya ukinzani: pori na makazi, nyama na vyakula vya shamba, mwindaji asiye na kwao na wakulima wenye ardhi. Mbegha anavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na safari hiyo ndiyo inayomfanya mfalme. Usomaji huu ninaukubali. Ila Feierman alikuwa akitafuta historia na fikra za siasa, na kwa sababu hiyo hakuwa na haja ya kuuliza swali linalotuhusu hapa: mtu anayejifunza kuisimulia habari hii anajifunza nini?

Anajifunza, kwanza, yasiyoguswa. Hawezi kumfanya Mbegha azaliwe mtoto wa kawaida, kwa maana kukataliwa na ndugu kutakosa sababu. Hawezi kumwondoa nguruwe, kwa maana wakulima hawatakuwa na haja na mgeni. Hawezi kumleta simba kabla ya nyama, kwa maana ushujaa utatangulia urafiki na Vugha itaonekana imetekwa, wakati simulizi inasisitiza kwamba Mbegha aliombwa. Kila nguzo inashikilia nyingine. Kijana anayeikosea moja hukatizwa papo hapo na msikilizaji aliyeisikia habari hiyo tangu utotoni.

Lakini kati ya nguzo na nguzo kuna uwanja mpana. Msimulizi anaweza kukaa muda mrefu na mama wa kigego, akatuonyesha hofu yake siku jino la kwanza lilipochomoza mahali pasipotakiwa. Anaweza kulipita hilo kwa sentensi moja na kukaa na wazee wanaoulizana usiku kama mgeni huyu aaminiwe. Anayemkuza simba anazungumzia enzi. Anayemkuza nguruwe anasema kwamba mtawala ana thamani pale tu anapolinda shamba la mkulima. Hadithi ni ileile, na siasa zake zimegeuka. Huu ni ubunifu mkubwa, tena wenye hatari, na umefanyika bila kalamu wala umeme. Ninashindwa kuuita uhafidhina.

Kisha ikaja zana mpya. Abdallah bin Hemedi bin Ally 'lAjjemy, aliyekulia Unguja, alifika Usambara akiwa kijana na kuwa karani wa Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, huko Mazinde. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilianza kuchapwa kwa sehemu na misheni ya UMCA katika miaka ya 1890, kikakamilika mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kikatolewa tena Nairobi na East African Literature Bureau mwaka 1962. Maandishi yalimwezesha kufanya ambalo mazungumzo ya usiku mmoja hayawezi: kuiunganisha habari ya Mbegha na vizazi vilivyofuata, hadi vita ambavyo yeye mwenyewe alivishuhudia, katika mfululizo mmoja mrefu, na kuwapa wahusika wake maneno ya vinywani mwao hata msomaji akadhani alikuwapo barazani. Alikuwa mtu wa Semboja kwa miaka mingi, na msomaji hapaswi kulisahau hilo. Hata hivyo, la muhimu kwa hoja yangu ni mpangilio wa mambo. Kalamu haikumfundisha Abdallah kusimulia. Ilimkuta amekwisha kukaa na wasimulizi, amezijua nguzo, amesikia mabishano. Mtu mwingine mwenye kalamu na karatasi zilezile, lakini aliyefika jana, angeandika orodha ya wafalme.

Edward Said Tingatinga anaonyesha jambo hilohilo upande wa picha. Alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa nchi, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao laini. Alifariki mwaka 1972. Rangi zile zinang'aa, zinakauka na kuacha mpaka mkali, na hazikubali vivuli vya taratibu. Mnyama wake mmoja mkubwa katikati ya picha ni jibu kwa ukaidi huo wa rangi. Vijana waliochora kando yake walijifunza kwa kutazama mkono wake.

Hapa ndipo pingamizi zito linapoingia. Si mfano wa Tingatinga ndio uliozaa maelfu ya picha zinazofanana madukani? Je, kujifunza kwa bwana na ndani ya mipaka hakuishii katika kunakili? Hali hiyo ipo, na siikani. Lakini chanzo chake nakiona kwa mnunuzi. Mtalii anayepita mara moja hawezi kutofautisha nakala na kazi mpya, hivyo hana namna ya kumdai msanii zaidi. Mipaka ilibaki, wakosoaji wakapungua. Na hilo ndilo ninalolihofia mtandaoni. Simu inahifadhi, inasambaza, inaruhusu kurekebisha bila gharama, na hayo ni manufaa ya kweli. Lakini kijana wa Soni anayeweka simulizi yake YouTube au TikTok hupata idadi ya waliotazama na waliopenda. Hakuna anayemwambia kwamba amemleta simba mapema mno.

Upande mmoja ninakubali kwamba wapenzi wa zana wana haki kamili. Irente, hukohuko milimani, kuna shule ya watoto wasioona. Kwa mtoto wa aina hiyo anayetaka kutunga, kinasa sauti ni daftari lake, na kumtaka asubiri ni kumnyima haki. Vivyo hivyo kwa binti ambaye kazi za nyumbani hazimpi nafasi ya kukaa na wazee jioni; akirekodiwa simulizi, anaisikiliza akiwa jikoni. Hata hawa, hata hivyo, baada ya kusikiliza watahitaji mtu wa kuwasikiliza.

Kwamba kazi huhitaji hukumu ya mjuzi, wanawake wafinyanzi wa milimani wanalijua hilo kwa vidole. Udongo unachimbwa, unatwangwa, unakandwa, chungu kinainuliwa kwa mkono bila gurudumu, kinakwanguliwa na kusuguliwa kwa kokoto mpaka king'ae, kisha kinachomwa kwa kuni na nyasi mahali pa wazi. Kikishapoa, mjuzi hukigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia, chenye ufa, hata usioonekana, hutoa sauti butu. Binti anayejifunza anapewa hukumu hiyo hapohapo, mbele ya wenzake, na wiki ijayo anaanza na udongo mwingine.

Ushahidi wangu umetoka katika nchi moja na, kwa sehemu kubwa, katika hadithi moja, kwa hiyo siwezi kudai kwamba unatosha kwa muziki au uchongaji. Kwa sanaa za usimulizi, zikiwamo katuni na filamu, naamini unatosha. Darasa la Sanaa na Michezo lingeweza kuanza na Mbegha: mwanafunzi aisimulie kwa wenzake, kisha kwa mzee anayeijua, kisha kwa mtu wa ukoo usiowapenda Wakilindi, na baada ya kukosolewa na wote ndipo airekodi, aichore au aitengenezee filamu kwa simu yoyote iliyopo. Wasimulizi na wafinyanzi wanaoweza kuifanya kazi hiyo bado wapo Lushoto, Bumbuli na Mlalo, wengi wao wakiwa wazee, na hawana vyeti vya ualimu. Halmashauri zinapopanga bajeti ya utekelezaji wa mtaala, zianze na posho ya watu hawa na utaratibu wa kuwaingiza darasani kihalali. Vishikwambi vinunuliwe mwaka unaofuata.