Kisomo cha Watu Wazima katika Nchi ya Pamba

Twapenda kueleza jinsi kisomo cha watu wazima kilivyoingia katika nchi ya Bariadi. Wengi hudhani ya kuwa wazee walianza kusoma kwa sababu Serikali ilitoa amri. Amri ilikuwako, lakini sisi twaona ya kuwa haja yenyewe ilianzia kwenye mizani ya pamba.

Zamani, kabla ya mwaka 1950, mkulima wa Usukuma alipopeleka pamba yake sokoni, aliyesoma mizani alikuwa mnunuzi, na aliyeandika stakabadhi alikuwa mnunuzi yule yule. Mkulima alisimama kando akapokea alichopewa. Manung'uniko yalizidi, hata wakulima wakaanza kuweka watu wao wenyewe, wajuao tarakimu, wasimame karibu na mizani na kuhakiki uzito. Katika harakati hizo vikazaliwa vyama vya ushirika, na Paul Bomani akawa kiongozi wao mashuhuri. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa katika shirikisho moja lililoitwa kwa jina la Victoria. Basi mtu mmoja ajuaye kusoma aliweza kuwalinda watu mia. Walakini wale mia hawakuwa na njia ya kumhakiki yeye, na mizani ya chama nayo yahitaji macho ya kuitazama.

Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge mwaka 1964 ya kuwa watu wazima wafundishwe kwanza, maana faida ya kuwasomesha watoto yaweza kuchukua hata miaka ishirini kuonekana katika maendeleo ya nchi. Mwaka 1969 kazi hii iliwekwa chini ya Wizara ya Elimu, na tarehe 31 Desemba ya mwaka huo akatangaza ya kuwa 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 TANU ilikata shauri kwamba ujinga wa kutojua kusoma ufutwe kabla ya mwaka 1975 kwisha.

Lakini sehemu za Ziwa hazikuungoja mwaka huo wa 1970. Tangu 1968 Serikali, ikisaidiwa na UNESCO, ilikuwa imeanza kazi ya majaribio yenye makao yake Mwanza, kwa ajili ya mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi. Bariadi wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa, mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu haukuwako mpaka mwaka 2012. Jambo jipya katika kazi ile lilikuwa vitabu. Havikuandikwa kwa watoto, bali kila kimoja kilishika kazi ya watu: pamba, ndizi, uvuvi, ng'ombe, mambo ya nyumbani. Mkulima wa pamba alizitambua herufi ndani ya maneno aliyokuwa akiyatumia kila siku shambani, na hesabu yake ilikuwa kuzidisha uzito kwa bei. Hakuna aliyehitaji kumweleza faida ya hesabu hiyo.

Ugumu ulikuwako. Vitabu vilikuwa vya Kiswahili, na nyumbani watu walisema Kisukuma. Kwa hiyo mama wa kijijini mara nyingi alijifunza lugha na herufi kwa pamoja. Walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza shule ya msingi, wakipewa bahasha ya shilingi 30 kwa mwezi, nao waliwafundisha watu wa umri wa baba zao. Sisi tufundishao walimu twajua ya kuwa kazi hiyo ina adabu yake: mzee aliyekosea hasahihishwi kama mtoto wa darasa la kwanza. Tena mvua ikinyesha, darasa hupungua, maana palizi haingoji.

Hata hivyo matunda yalionekana. Katika mtihani wa taifa wa Agosti 1975, watu wazima wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa 39 katika kila 100. Mwaka 1986 walikuwa wamepungua hata kukaribia 10. Kwa wasomaji wapya wa Ziwa lilichapishwa gazeti Elimu Haina Mwisho, ili wasisahau walichojifunza.

Kisha hali ya uchumi ikawa mbaya. Bahasha za walimu zikapungua thamani na kuchelewa, vitabu vikachakaa bila vingine kuletwa, na madarasa mengi yakafungwa. Serikali haikuifuta siasa yake. Iliacha tu kuilisha. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu wazima kama 22 katika kila 100 wasiojua kusoma wala kuandika, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Nao wanawake ndio hupalilia na kuchuma sehemu kubwa ya pamba, lakini stakabadhi mara nyingi huandikwa jina la mume.