Mashine Moja, Kazi Mbili

Ndugu wanafunzi wa Handeni na Korogwe, fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni la historia. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Je, neno hili ni kweli hata kwa kompyuta?

Kompyuta za kwanza zilikuwa mitambo mikubwa ya serikali na makampuni. Hapa nchini, ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye, kule Marekani na Ulaya, zikaja ndogo za kutumia nyumbani. Moja iliyojulikana sana ni Commodore 64 ya mwaka 1982. Kumbukumbu yake ilikuwa na nafasi 65,536. Kila herufi hushika nafasi moja. Andikeni HANDENI: mmetumia nafasi 7. Kwa kawaida mashine hiyo ilifanya kazi moja tu. Mtu aliyekuwa akiandika barua, akitaka kupiga hesabu, aliihifadhi barua kwanza, akaifunga, ndipo akafungua hesabu.

Basi, kazi mbili ziliwezekana? Ndiyo. Mtazameni mama mwenye meko mawili. Anakoroga uji, anauacha, anageuza maharage, anarudi kwenye uji. Mpishi ni mmoja, lakini kwa kuwa anarudi upesi, hakuna kinachoungua. Kompyuta nayo hushika kazi moja kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, huweka alama pale ilipoishia, kisha hushika ya pili. Machoni petu zote mbili zaenda pamoja.

Mwaka 1984 Uingereza ilitoa Sinclair QL, yenye kumbukumbu mara mbili ya Commodore 64. Mwaka 1985 Marekani ikatoa Amiga, yenye mara nne. Zote mbili ziliweza kugawa muda hivyo. Lakini hapakuwa na ukuta kati ya kazi na kazi. Moja ikikosea, iliweza kuandika juu ya nafasi za jirani yake, na mashine nzima ikasimama. Ni kama uji uliofurika ukazima meko yote mawili.

Sisi wakati huo tulikuwa wapi? Mwaka 1974 serikali yetu ilizuia kompyuta kuingizwa nchini bila ruhusa maalumu, na zuio hilo lilidumu miaka mingi. Kwa hiyo wazee wetu wengi hawakuziona mashine hizo. Hawakukosa akili, mashine hazikuwafikia.

Leo simu yako hupiga muziki huku unasoma ujumbe. Ina wapishi zaidi ya mmoja, tena ina kuta, lakini kugawa muda ni kule kule. Usiiogope. Aliyepika kwa meko mawili ameshaielewa.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maswali ya darasa

1. Neno KILIMO hushika nafasi ngapi?
2. Kwa nini Amiga nzima iliweza kusimama kwa kosa la kazi moja?
3. Je, wahenga walikosea? Jadilianeni.